Nikizima simu usiku naona kama nimemtelekeza mtu

Shangazi, shikamoo.

Jina langu lisitokee. Niite Mama wa Urambo, inatosha, maana huku tunajuana mpaka kwa sauti ya kikohozi.

Mimi ni fundi cherehani, na pia ni msaidizi wa kisheria. Cherehani ndiyo inayotulisha. Hii ya sheria ni ya kujitolea. Tulifundishwa, tukasajiliwa, tukapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Nilianza mwanangu wa kwanza akiwa darasa la pili, sasa yuko kidato cha pili. Kikundi chetu kwenye karatasi kina watu 12. Kwenye vikao tunaonana wanne. Anayepigiwa simu ni mmoja, naye ndiye anayekuandikia.

Wewe ni mtu wa Tabora, mambo ya masoko ya tumbaku sina haja ya kukueleza. Ila kwa wanaosoma kutoka kwingine: mama na watoto wanapanda, wanapalilia, wanachuma, wanafunga majani kwenye fito, wanakesha kwenye bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto, wanachambua madaraja. Malipo yakitoka yanaingia kwenye akaunti ya baba, na baba anaaga kwamba anakwenda mjini kufuatilia. Wengine wanarudi na bati za nyumba, Mungu awabariki. Wengine wanarudi mwezi unaofuata na madeni. Wengine wanarudi na mke mdogo. Kuanzia hapo simu yangu haikai mezani.

Msimu uliopita alinigongea mama mmoja saa nane usiku akiwa na watoto watatu, mdogo kambeba mgongoni kwa shuka la kitanda. Mkononi alikuwa na sufuria. Sijui kwa nini alitoka na sufuria, naye nilipomuuliza hakujua. Walilala sebuleni kwangu. Asubuhi nilimpeleka polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kupelekea majeruhi hospitali, tukaenda hospitali, tukaenda kwa mtendaji. Jioni shemeji yake akaja kunitukana mlangoni mbele ya wateja waliofuata nguo zao. Huyo ni mmoja tu, Shangazi.

Sasa mwili umekataa. Tangu Januari kichwa kinagonga kisogoni, usingizi hauji, na ukija unakatika alfajiri mapema. Zahanati walinipima presha, wakadhani mashine ni mbovu, wakaleta nyingine. Mashine ilikuwa nzima. Nikapewa dawa na kuambiwa nipumzike. Nikamuuliza mganga nipumzike vipi, akanijibu, "Pumzika tu, mama."

Lakini kinachonitisha kuliko presha ni hiki. Hivi karibuni dada mmoja alikaa kwenye benchi langu akaanza kulia kwamba mume kauza shamba walilolima wote. Mimi nilikuwa nashona sare za shule. Nikajikuta nahesabu vifungo. Sikusikia hata alichosema. Moyoni nilikuwa nasema, si uondoke basi, mbona kila siku ni nyinyi kwa nyinyi. Alipoondoka niliona aibu, chakula kikanishinda.

Nyumbani mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, hajawahi kunikataza. Ila ameacha kuniuliza siku imekwendaje. Na binti yangu juzi, akiwa anaosha vyombo, aliniambia bila hasira yoyote, "Mama, na mimi nikitaka kuongea na wewe nikupigie simu?"

Niliwaomba wenzangu nipumzike mpaka msimu wa masoko upite. Mwenyekiti wetu akasema mwenye moyo haombi likizo. Mwingine akanong'ona kwamba nimepata wafadhili wangu, sasa najiona. Wa tatu alikuwa na huruma: "Pumzika dada, ila simu usizime."

Halafu kuna ile semina ya Tabora mjini. Mwezeshaji alitufundisha kujijali. Kunywa maji ya kutosha, kufanyiwa masaji, kusikiliza muziki laini, wikiendi utoke uende mahali pazuri. Akasema tujipende kwanza. Nilicheka mpaka mwenzangu akanifinya, maana hata nauli ya kurudi tulikuwa bado tunaidai. Lakini usiku nilipofika kwangu nililia. Ile masaji niliitamani.

Swali langu, Shangazi. Mtu anayepigania wengine ana haki ya kupumzika wakati wenzake wanapigwa? Au niache kabisa nirudi kwenye cherehani yangu? Nikizima simu usiku naona kama nimemtelekeza mtu. Nisipoizima naona namtelekeza binti yangu.

Mama wa Urambo


Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na lisilo na mjadala. Dawa za presha ulizopewa zimeze kila siku kwa saa ileile, hata siku unayojisikia mzima kama kigori. Presha ni ugonjwa wa kimyakimya; wengi hawasikii chochote mpaka siku kiharusi kinapowaangusha, au figo au moyo unapoanza kulalamika. Usiache dawa kwa sababu kichwa kimetulia, usimgawie jirani, na urudi kupimwa kwa tarehe uliyoandikiwa. Chumvi ipunguze. Na huko kukosa usingizi pamoja na huzuni, vikiendelea zaidi ya wiki mbili mfululizo, mwambie mganga waziwazi, usimtajie kichwa peke yake. Ukipata rufaa ya kuja mjini, hospitali ya mkoa, Kitete, uliza kitengo cha afya ya akili. Anayekwenda huko si kichaa. Ni mgonjwa kama wewe ulivyo mgonjwa wa presha.

Sasa vifungo. Katika barua yako yote hapo ndipo niliposimama, nikasoma tena. Wewe unadhani umekuwa na roho mbaya. Mwaka 1974, Marekani, mwanasaikolojia mmoja aitwaye Herbert Freudenberger aliandika kuhusu jambo aliloliita burnout, yaani kuchoka na kazi mpaka mtu anaisha, aliloliona kwa watu waliokuwa wakihudumu katika kliniki ya bure jijini New York, wengi wao wa kujitolea. Walianza na moto, wakafanya kazi mchana na usiku, na baada ya muda akaona wanachoka uchovu usioishia kitandani, wanakuwa wakali, wanaanza kuwadharau walewale waliokuja kuwasaidia. Alisema wazi kwamba walio hatarini zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Mvivu hafiki huko, atachokea wapi?

Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa lilikieleza kitu hiki kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi tena la maana. Ukisoma barua yako zote tatu zimo. Lakini angalia walivyokiweka. Hawakukiita ugonjwa. Walisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Yaani kasoro waliitafuta kwenye kazi jinsi ilivyopangwa, hawakuitafuta ndani ya mtu. Hapo ndipo mimi na yule mwezeshaji wa semina tunapoachana.

Masaji si kitu kibaya. Ukipata wa kukukanda bure, lala chini ukandwe, na usijitetee kwa mtu. Shida yangu ni kwamba alikupa dawa ya mtu mmoja kwa maradhi ya kikundi kizima. Utakandwa Jumamosi, Jumapili usiku simu ileile italia kwenye mto uleule. Na wanaoandaa semina hizi, nasema kwa upendo wote, hupata fedha za ukumbi, za mabango na za fulana, ila ukiwaambia kikundi kinahitaji simu ya pili na vocha wanakuambia bajeti haina kifungu hicho. Ukiona mtu anakufundisha kujipenda huku nauli yako anayo mfukoni, una ruhusa ya kucheka.

Wewe umekulia kwenye tumbaku. Bani likiwashwa, moto haulali mpaka jani likauke, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa usiku na mchana. Hakuna familia niliyowahi kuiona ikimwachia mtu mmoja bani tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha ikamsifu kwamba ana moyo. Wanapokezana, kwa sababu wanajua anayesinzia ataunguza mazao ya mwaka mzima. Kikundi chenu kimekuachia bani. Ulipofika kwenye kuhesabu vifungo, ulikuwa umesinzia. Yule dada mwenye shamba ndiye aliyeungua, na kwa hiyo mtu atakayesema kupumzika kwako kunawaumiza wanawake, mwambie kutopumzika kwako kumeshamuumiza mmoja.

Sasa niseme ambalo hutalipenda. Mwanangu, una raha fulani ya kupigiwa. Sikusemi vibaya, ni binadamu, na katika mji ambao shemeji za watu wanakuja kukutukana mlangoni, kuna utamu katika kuambiwa "bila wewe ningekuwa nimekufa." Lakini kila unapopokea simu saa nane usiku unawafundisha wenzako kwamba hawahitajiki. Wale ambao hawaonekani vikaoni wengine ni wavivu kweli, na wengine walijaribu kusogea wakakuta kila mtu anamtaka Mama wa Urambo tu, wakarudi nyuma. Waulize. Utashangaa.

Na mwenyekiti wako? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwulize kwa adabu, mbele ya wote, namba yake imeandikwa wapi.

Basi mfanye hivi. Nunueni kitochi kimoja cha bei ndogo na laini yake, iwe ya kikundi. Namba hiyo ndiyo iandikwe ofisi ya kijiji, zahanati, msikitini, kanisani, kwenye mbao za matangazo. Kitochi kinahama mikono kila wiki, pamoja na daftari la kuandika nani kapiga na kaelekezwa wapi. Aliye zamu anajua yuko zamu, atalala mchana kidogo akiweza, mume au mke wake atajua wiki hii ni ya kukatishwa usingizi. Aliye nje ya zamu analala. Namba yako wewe irudi kuwa namba ya fundi cherehani. Akikupigia mtu mwenye shida, mpe namba ya kikundi kwa upole na ukate. Usianze kusikiliza, maana ukishasikia mwanzo hutakata, nakujua bila kukuona. Wiki ya kwanza ya malipo ya tumbaku apewe mwenyekiti. Hiyo si adhabu. Ni heshima ya cheo.

Msimu huu wewe usishike zamu ya usiku hata moja. Ukiwa na presha ambayo haijatulia, usiku ni wa kulala. Ukitaka kusaidia, kaa na daftari mchana, wafundishe wenzako njia za ofisini unazozijua, waonyeshe PF3 inaombwaje na mtendaji gani anafunga ofisi mapema. Likizo yako iwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mafaili ya watu uyakabidhi mkononi, jina kwa jina. Nasisitiza tarehe ya kurudi kwa sababu nawafahamu waliosema wanapumzika kidogo na mpaka leo wanapumzika, na ukiwauliza wanakuambia wanalinda amani yao. Wanawake waliowaacha hawakupata amani yoyote ya kulinda.

Kuna kitu kingine ndani ya barua yako kilichopita haraka, nadhani hukukiona. Mama mwenye sufuria alilala sebuleni kwako, kisha ukampeleka polisi, hospitali, kwa mtendaji, yote wewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakutambua wewe kama mtu wa kutoa elimu, kueleza hatua, kumwelekeza mtu kwenye chombo sahihi, na kufanya hivyo bila kumtoza. Haikukufanya nyumba ya wakimbizi, wala askari, wala dereva. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hizo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Mtoto akiwa hatarini kuna simu ya bure, 116. Migogoro ya ndoa isiyo ya jinai ina baraza la usuluhishi. Kila unapoifanya kazi yao usiku kucha, ripoti yao inasomeka shwari, na mwaka ujao hakuna atakayeona sababu ya kuomba gari au mtumishi wa ziada. Wasumbue. Mpigie afisa ustawi hata kama unajua atakuja kesho yake, ili kwenye daftari ibaki kwamba alipigiwa. Hiyo nayo ni harakati, na unaweza kuifanya ukiwa umekaa.

Najua utaniambia Shangazi, mji uko mbali, bodaboda usiku hakuna, polisi hawana mafuta. Kweli kabisa. Ndiyo maana kijiji kipange nyumba mbili tatu za kupokea mtu mpaka kupambazuke, zijulikane kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa sungusungu. Sungusungu walizaliwa huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na doria ni zamu. Wana makosa yao, wengine wana mikono myepesi, lakini kumsindikiza mama na watoto wake gizani wanaweza. Shemeji akija kutukana, akute wanaume sita wenye tochi badala ya fundi na sindano yake.

Sasa swali lako kubwa, kama una haki ya kupumzika wenzako wakipigwa. Swali hilo linachukulia kwamba ukikaza kidogo tu, msimu huu au ujao, kazi itaisha. Tazama muda wa mambo haya. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Ilichukua mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kusema, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na leo hii, wewe ni shahidi, mwanamke aliyekesha kwenye bani bado anaulizwa, "Ulichangia nini?" Sheria hiyohiyo, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga mahakamani akashinda mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Karibu nusu karne tangu sheria itungwe. Na hukumu ya Dar es Salaam haitembei yenyewe mpaka Urambo. Inahitaji mtu kama wewe aibebe mpaka kwenye kikao cha ukoo ambako mahari imeshapangwa.

Kwa hiyo mimi sikuulizi kama una haki. Nakuuliza umepanga kuifanya kazi hii mpaka lini. Kama jibu ni mpaka nitakapoanguka, basi umeshaipa tarehe. Mimi nataka uwepo ukiwa bibi mwenye wajukuu, ukiwa mkali kwenye baraza, unakumbuka kesi zote na majina yote. Wanaume wanaouza mashamba hawana haraka. Wanangoja uchoke.

Na kuna wanaokutazama. Wasichana wa hapo mtaani wanaona maisha ya mtetezi yalivyo: anakonda, anatukanwa mlangoni, nguo za wateja zinachelewa, nyumbani kimya. Atakayetamani kurithi hayo ni nani? Mkikosa vijana kwenye kikundi msiseme kizazi hiki hakina moyo. Kimekutazama kikapiga hesabu.

Binti yako usimweleze chochote. Usimkalishe chini umpe historia ya haki za wanawake, anaijua kuliko wengi. Alisema akiwa anaosha vyombo. Basi jioni nenda, yeye aoshe wewe usuuze, simu ikiwa imezimwa kabatini. Siku ya kwanza hatasema kitu. Ya pili atalalamikia hesabu. Baadaye atasema kile alichotaka kukupigia simu. Watoto wa umri ule huongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine.

Mume wako, kwa maoni yangu, hakuchoka kukusikiliza. Alichoka kusikia. Kila alipouliza siku imekwendaje ulimwagia damu na machozi ya watu asioweza kuwasaidia. Siri za wateja usimpe, hata kwa sheria hazimhusu. Mwambie tu, "Leo ilikuwa nzito, kaa hapa." Habari nzito zenyewe zinahitaji mahali pengine pa kumwagwa. Mkutane nyinyi wasaidizi wa kisheria mara moja kwa mwezi, wawili au watatu, mzungumzie kesi zilizowaumiza bila kutaja majina, na mkimpata afisa ustawi wa kukaa nanyi ni bora zaidi. Masikio yanayosikia vipigo kila siku nayo yanapigwa, na mwenye kazi hii asipopata wa kumwambia huanza kuhesabu vifungo.

Yule dada wa shamba mtafute. Mwambie siku ile ulikuwa mgonjwa, ambayo ni kweli, na umpeleke mkononi kwa mwenzako asikilizwe upya. Shamba likiwa la familia na limeuzwa bila ridhaa yake, muda ni mali, wasikae.

Kuacha kabisa? Sikushauri uamue sasa. Mtu asiyelala akiulizwa kama ataendelea na kitu chochote atasema hapana, hata ndoa. Pumzika msimu huu, dawa ishike, ndipo ujiulize. Ukiona moyo umeondoka moja kwa moja, kabidhi na uondoke kwa heshima. Cherehani ni kazi ya halali na hujaapishwa.

La mwisho, na hili lingepunguza simu za usiku kuliko kitochi chochote. Shida zenu nyingi zinaanzia siku ya malipo, na siku hiyo inajulikana tangu mbegu ikiwa kitaluni. Kwa nini mnasubiri mpaka mama atoke na sufuria? AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima vinavyouza tumbaku, zina mikutano. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake. Hakuna sheria inayosema kadi ya ushirika ni ya baba. Nendeni mchana, mkiwa mmekula, muombe nafasi kwenye ajenda. Zungumzeni na wanaume pia, wapo wengi waungwana ambao hawajawahi kuambiwa kwamba mke anaweza kusaini pamoja nao benki. Familia kumi zikikubali akaunti ya pamoja, hizo ni milango kumi ambayo huenda isifunguliwe usiku.

Kikao cha kikundi kiiteni kabla masoko hayajafunguliwa, maana yakishafunguliwa hakuna atakayekaa. AMCOS wakiwapa nafasi au wakiwafukuza, niandikie walisemaje. Nina barua mbili kutoka Sikonge na moja ya Kaliua zinazouliza jambo hilohilo, na wenzako wanasubiri kusikia.

Shangazi